Uliza Mzee wa Saiti: Ukuta upo, maji yanapita wapi?

Barua za mwezi huu zimelowa. Nasema kwa mzaha, lakini moja kweli ilifika na doa la maji, na mwenyewe akaomba radhi kwamba aliiandika palepale ngazini huku pampu ikinguruma. Nimeanza na hiyo. Nyingine nimezijibu kwa ufupi, na wale wenye maswali ya nyufa za plasta wanisubiri mwezi ujao.

SWALI: Mzee, salaam. Mimi na ndugu zangu tunajenga jengo la orofa nne bondeni, si mbali na mfereji wa Nakivubo, hapa Kampala. Chini tumeweka sehemu ya kuegesha magari. Kabla ya kuchimba, mkandarasi alizungushia kiwanja chote nguzo za zege zilizoshikana, akatuahidi kwamba maji ya ardhini hayatapita. Sasa pampu mbili zinafanya kazi usiku na mchana na umeme unatumaliza. Injinia wake amekuja, akapima, akasema ukuta ni mzima, kilichobaki ni upenyo mmoja kwenye kona, haufiki hata upana wa kiganja. Upenyo mdogo hivyo unawezaje kututesa hivi? Na je, hii ni gharama tu au kuna hatari? (Mwenye jengo, Kampala)

JIBU: Pole, ndugu yangu. Pampu ya namna hiyo ni kama mgeni asiyerudi kwao: anakula kila siku na huna la kumwambia.

Injinia hakukudanganya kuhusu ukubwa wa upenyo. Kosa lake ni kupiga hesabu ya mpaka rangi. Mpaka rangi akiruka kiganja kimoja cha ukuta, hasara ni kiganja hicho. Maji yaliyozuiwa na ukuta hayarudi yalikotoka. Yanasimama nyuma yake, yanatafuta njia. Umewahi kutoka uwanja wa Namboole baada ya mechi ya Cranes, mageti yote yamefungwa isipokuwa moja? Hata aliyekaa upande wa pili wa uwanja anakuja kusukumana kwenye geti hilohilo.

Tuchukue kalamu. Mwaka 1856 Henry Darcy, injinia aliyeupatia mji wa Dijon kule Ufaransa maji yake, alichapisha majaribio aliyofanya kwa kupitisha maji kwenye bomba lililojazwa mchanga. Aliona kwamba kimo cha maji kikizidi upande mmoja, maji yanayopita yanazidi kwa kiasi hichohicho, na mchanga ukiwa mrefu zaidi yanapungua. Kanuni hiyo bado ndiyo tunayotumia. Tuseme ukuta wako una mzunguko wa mita 100, umezama mita 8 ndani ya maji, unene wake ni sentimita 60, na maji ya nje yamezidi ya ndani kwa mita 5. Kama ukuta wote ni mzuri, wa aina inayopenywa na maji kwa kasi ya sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde, kwa siku nzima utapata kama lita 580. Ni jerikani 29. Kijana mmoja mwenye ndoo anazimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sasa weka upenyo mmoja, upana sentimita 10, urefu mita 1, uliojaa mchanga wa kawaida wa bondeni. Kwa eneo, ni sehemu moja katika 8,000 ya ukuta wako. Nimepiga hesabu mara mbili: unaleta karibu lita 4,900 kwa siku, yaani jerikani 245. Upenyo huo peke yake unapitisha zaidi ya mara nane ya ukuta wote uliobaki. Na kama mchanga wa pale ni ule mnene wenye changarawe, zidisha kwa kumi.

Upenyo unatokea vipi wakati kila mtu ameapa kwamba nguzo zimeshikana? Nguzo za namna hiyo huchimbwa zikiingiliana, kila moja ikimega kidogo ubavu wa jirani yake. Tuseme zinaingiliana kwa sentimita 15. Mashine ikiinama sentimita 1 kwa kila mita 1, jambo ambalo saiti nyingi wanalikubali, basi kwa kina cha mita 15 nguzo imekwenda kando sentimita 15. Jirani yake naye akiinama kwa kiasi hicho kuelekea upande wa pili, wameachana kwa sentimita 30. Toa zile 15 za kuingiliana: una pengo la sentimita 15 ambalo juu hulioni kabisa, maana juu nguzo zinakumbatiana kama maharusi. Kona ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pale mashine inageuzwa. Kuna na kosa la zege lenyewe: bomba la kumiminia likiinuliwa likatoka ndani ya zege kabla ya wakati, tope linaingia katikati ya nguzo na kubaki humo kama nyama kwenye sambusa. Mwombe mkandarasi daftari la nguzo. Kila nguzo iwe na kina chake, mwinamo wake na kiasi cha zege kilichoingia. Asipokuwa nalo, hilo nalo ni jibu.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niiweke barua yako mbele. Sitakuambia upime wingi wa maji. Nakuambia uangalie rangi yake.

Miaka ya tisini nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku kwenye shimo la mita sita hapahapa Kampala. Saiti wala kampuni sitaitaja. Kona moja ya ukuta ilikuwa inalia machozi, sisi tukaizoea. Kijana wa pampu, Mnubi wa Bombo, alikuwa na tabia ya kuchota ndoo ya maji yale anawe miguu kabla ya kulala. Usiku mmoja akaniita: “Fomeni, leo ndoo nzito.” Tulipomwaga maji, chini kulikuwa na mchanga. Tukaanza kupima kwa kikombe cha plastiki cha chai, kile kinachochukua kama theluthi ya lita. Kila jerikani 10 za maji, kikombe kimoja cha mchanga. Pampu ilikuwa inatoa jerikani kama 2,000 kwa siku. Hivyo ni vikombe 200, zaidi ya lita 60 za mchanga kila siku ya Mungu, na kwa mwezi unakaribia mita 2 za ujazo.

Mchanga huo ulikuwa unatoka chini ya kibanda cha mama aliyetuuzia chapati. Kwa wiki mbili alikuwa akilalamika kwamba sigiri yake haikai sawa, mafuta yanakimbilia upande mmoja wa kikaango. Tulimcheka. Mimi mwenyewe nilimcheka, nikamwambia anunue sigiri mpya.

Usiku uleule nilizima pampu, nikaacha maji yapande shimoni. Mwenye mradi alikasirika sana asubuhi, lakini ndiyo dawa ya haraka: maji ya ndani yakipanda yanasukumana na ya nje, mwendo unapungua, mchanga unatulia. Mama tulimhamisha na vyombo vyake vyote kabla ya saa tatu. Siku ya nne, pale sigiri ilipokuwa, ardhi ikadidimia, shimo la kumfikia mtu kifuani. Ilituchukua wiki tatu kuchoma mabomba upande wa nje na kusukuma uji wa saruji mpaka kona ile ikanyamaza.

Wengine hawakupata onyo la ndoo. Tarehe 3 Machi 2009, katika mji wa Köln kule Ujerumani, jengo la kuhifadhia nyaraka za mji liliporomoka karibu na shimo la reli ya chini ya ardhi, likaua vijana wawili waliokuwa kwenye nyumba ya jirani. Miaka ya uchunguzi ilionyesha kwamba wakati wa kuchimba ukuta wa zege wa ardhini mashine ilikwama kwenye jiwe, jiwe halikuondolewa, na sehemu ile ya ukuta ikabaki udongo badala ya zege. Maji yalipita hapo na kuchukua mchanga na kokoto za chini ya jengo. Ukuta uliobaki wote haukusaidia kitu.

Kwa hiyo leo jioni weka ndoo nyeupe chini ya ule mchirizi, iache ijae, itulie usiku kucha, asubuhi mwaga maji polepole uone chini. Kama ni safi, tatizo lako kwa sasa ni pesa. Kama kuna mchanga au tope, muite injinia siku hiyohiyo, na si yule wa mkandarasi, na nenda kwa majirani ukaangalie nyufa zao. Chora mstari wa penseli kwenye ncha ya kila ufa na uandike tarehe.

Usifanye mambo mawili. La kwanza, usizime pampu kwa kuiga hadithi yangu. Letu lilikuwa shimo wazi, lako tayari lina sakafu. Maji ya kimo cha mita 5 yanaisukuma sakafu kwenda juu kwa tani 5 kwenye kila mita mraba, na kama haikuundwa kwa mzigo huo, itapasuka au itainuka. La pili, usimruhusu fundi akazibe kwa ndani kwa saruji na matambara. Msukumo utahamia kwenye udhaifu unaofuata, na safari hii huenda ni mahali usipopaona. Kwa ndani weka chujio: mchanga mwembamba ukigusa udongo, kisha mchanga mnene, kisha kokoto. Maji yatoke, udongo ubaki. Kuziba kwenyewe kufanyike kutoka nje. Mahali pa kuziba panapatikana kwa kuchoma vibomba vyembamba vya kupimia maji nyuma ya ukuta, kila mita chache: pale kimo cha maji kinapoinama kuelekea ukutani, ndipo mlango ulipo.

Na usidhani mifereji ya kukusanya maji ni njia ya maskini. Arthur Casagrande, mmoja wa wakubwa wa elimu ya udongo, alisimama London mwaka 1961 kwenye mhadhara wa Rankine, akawaambia mainjinia wenzake kwamba chini ya mabwawa wanategemea mno mapazia ya uji wa saruji unaosukumwa ardhini, ilhali kuyapa maji njia salama ya kutokea mara nyingi kunafanya kazi kwa uhakika zaidi. Kama injinia atakuambia uishi na pampu moja ndogo na mfereji mzuri wenye chujio, msikilize.

SWALI: Mzee wangu, nyumba yangu iko Ggaba, karibu kabisa na Ziwa Victoria. Maji yalipopanda 2020 yaliingia mpaka kwenye vitanda. Yaliposhuka nikajenga ukuta wa zege kuzunguka kiwanja, nikachimba msingi wake mita moja na nusu ndani ya mchanga. Ziwa likipanda tena, ukuta unazuia mawimbi vizuri, lakini maji yanachipuka katikati ya sebule. Nimelaaniwa? (Mama wa wajukuu watano, Ggaba)

JIBU: Hujalaaniwa, mama. Umejenga ndoo isiyo na kitako. Ukiikandamiza ndoo ya namna hiyo ufukweni, maji yatapanda ndani yake kama nje, hata kuta zake zingekuwa za dhahabu.

Wajukuu wasikuambie eti ziwa limeharibika juzi. Katikati ya Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, nayo rekodi iliyovunjwa ilikuwa 13.41 ya Mei 1964. Mimi nimekulia Walukuba, baba yangu alikuwa kibarua kwenye bwawa la Owen Falls, na hadithi za maji ya miaka ile ya sitini ndizo tulizolalia. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko wanaouza viwanja.

Unaweza kufikiri: basi nichimbe zaidi. Nikupe hesabu kabla hujauza ng'ombe. Tuchukue mchanga wa kina cha mita 10, chini yake mfinyanzi usiopitisha maji, na ukuta mmoja usio na tundu hata moja. Ukiuzamisha nusu, mita 5, tuseme zinapita chini yake jerikani 100 kwa siku. Ukiufikisha mita 9, umelipia karibu mara mbili, na bado zinapita 49. Mita 9 na nusu, zinapita 40. Mita 9 na sentimita 90, yaani umebakiza upana wa kiganja tu, bado zinapita 28! Zinakatika ukuta unapoingia ndani ya mfinyanzi wenyewe na kushikana nao. Wamarekani waliliona hili kwa gharama kubwa kwenye bwawa la Wolf Creek, jimbo la Kentucky, lililokaa juu ya mawe ya chokaa yenye mapango. Ukuta wa kwanza waliujenga kati ya 1975 na 1979, haukwenda kina wala urefu wa kutosha, maji yakatafuta njia nyingine, na wakajenga wa pili wakaumaliza 2013.

Wewe huna hazina ya Marekani. Acha ukuta uendelee kupigana na mawimbi. Ndani chimba mfereji kuzunguka nyumba, uweke bomba lenye matundu lililofunikwa kokoto, lishuke kwenye kisima kidogo chenye pampu. Pesa zikipatikana, inua sakafu. Na choo cha shimo, kama bado unacho kiwanjani, kifunge kwanza kabla ya yote niliyosema, kwa sababu maji yanayochipuka sebuleni yanapita pia kule.

SWALI: Salaam Mzee. Nina dimbwi la kambale na perege Mukono. Nilifuata ushauri wako wa mwaka jana, nikachimba mtaro katikati ya tuta na kuujaza mfinyanzi. Dimbwi bado linapungua, na upande wa nje wa tuta kuna mahali majani ni mabichi hata kiangazi. (Mfugaji, Mukono)

JIBU: Majani hayo yamekuonyesha mahali, shukuru. Nina mashaka na mambo matatu, kwa mpangilio wa ninavyoyashuku. Bomba la kutolea maji: je, ulilizungushia kola za zege, au ulilitandika tu na kulifukia? Maji yanapenda kutembea kando ya bomba laini. Kisha mchwa. Kichuguu kilichosawazishwa bado kina barabara zake chini, na tuta likipita juu yake umemjengea paa. Mwisho ni mtaro wenyewe: ulipita marami yote, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kuingia kwenye udongo mgumu angalau sentimita 30, au ulisimama vibarua walipochoka? Sema kweli, mimi si mke wako.

Fukua palepale penye majani mabichi, upana wa mita mbili kila upande. Rudishia mfinyanzi wenye unyevu, ule ukiufinyanga mkononi haupasuki wala haunati, kwa tabaka za sentimita 15, na kila tabaka lipigwe mpaka kisigino kisiingie. Ukiumwaga wote kwa mara moja na kuushindilia juu, chini umeacha mifuko ya hewa, na mifuko hiyo ndiyo madirisha ya kesho.

Na hapana, bentonaiti uliyoulizia pembeni si sawa na lile bumba wanalotafuna akina mama wajawazito. Yote ni udongo, lakini bentonaiti hutokana na majivu ya volkano na huvimba sana ikilowa; ndiyo maana inatumika kwenye mitaro mirefu, inashikilia kingo zisiporomoke wakati wa kuchimba na baadaye inaziba vinyweleo vya mchanga. Kwa dimbwi la ukubwa wako mfinyanzi wa Mukono unatosha.

SWALI: Jambo Fomeni. Kwenye redio wamesema Wajapani waligandisha ardhi kwa barafu kuzuia maji yasiingie kwenye mtambo wa nyuklia. Sisi tunashindwaje kugandisha mtaa wa Bwaise kule Kampala ukapumzika na mafuriko? (Afande mstaafu, Bombo)

JIBU: Jambo afande. Ulichosikia ni kweli. Ni Fukushima: ukuta wa udongo uliogandishwa, urefu wa kilomita 1.5 kuzunguka majengo, kina cha mita 30, mabomba yakipitisha maji ya chumvi ya baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Walianza kugandisha Machi 2016. Maji yanayoingia yalipungua sana, lakini hayakukatika, kwa hiyo pamoja na barafu yote ile bado wanavuta maji kwa pampu na visima. Sehemu nyingine ziligoma kuganda kwa sababu maji yalikuwa yanakimbia haraka kuliko baridi, ikabidi wazimiminie saruji.

Bwaise shida yake kubwa inatoka juu, afande. Mvua inashuka kutoka milima yote ya jirani kuja kwenye bonde lililokuwa mafunjo, na mifereji imejaa chupa za plastiki. Ukizungushia ukuta wa ardhini, hata usiovuja tone, utakuwa umetengeneza beseni. Anza na chupa. Na kuhusu bili ya kugandisha, naomba uniachie nimalize chai yangu kwanza.